Kabla Hujaivaa Ile Maski ya Nanyuki

Mwende mwanangu,

Kwanza nikuulize: umefika, au bado uko njiani? Kama bado uko njiani, basi umepekua begi lako kabla ya wakati, na siwezi kukulaumu, tabia hiyo umeitoa kwangu. Barua hii nimeiingiza ndani ya zile soksi nene za kijivu. Najua hutazigusa mpaka baridi ya Nanyuki ikulazimishe.

Saa hii uko Kisumu Ndogo, kule Kibera, umeenda kumuaga Akinyi na mama yake. Baba yako yuko nje anang'arisha kisanduku cha spika cha mteja wa kesho. Kila mara anasimama kukohoa, halafu anajifanya alikuwa anasafisha koo tu. Mimi nimejibanza humu ndani ya karakana, nimekalia kiti cha gari la watu, naandika mbiombio. Ukinikuta na kalamu utauliza, na mimi na wewe hatujazungumza vizuri tangu Jumapili ile uliponiambia utaenda hata nisipokubariki.

Mambo ya sweta, chakula na kanisa sitayagusa. Shangazi yako ameshakuhubiria mpaka ukasinzia, nilikuona. Mimi nataka kuandika juu ya Rono, huyu anayekuchukua kazi Nanyuki, na juu ya hii shaka yangu ambayo umeichoka.

Ile pikapu yake ilipofika hapa Kabiro juu ya lori, haina injini, haina viti, imeliwa na kutu kila upande, wewe na baba yako mlitoka mbio kama mmeletewa zawadi. Mimi nilibaki mlangoni nikimtazama mwenye gari. Mwanamume wa makamo, viatu safi, anaongea polepole. Alisema aliipata kwenye shamba moja huko kwao na anataka kuifanya hotrodi. Paa lishushwe, magurudumu yawe mapana, na ndani kote kuwe kwa faiba, dashibodi na milango na kile kisanduku cha katikati, vyote vipinde bila kona hata moja. Wewe ukaanza kuchora hapohapo kwa chaki sakafuni. Mimi nikamuuliza mtu mwenye gari kama hilo amekuja kutafuta nini Kabiro. Akasema aliona kazi yetu ndani ya matatu fulani. Nikamuuliza matatu ipi na dereva anaitwa nani. Akaniambia. Nikampigia dereva simu Rono akiwa amesimama palepale, na wewe ukaona aibu ukaingia ndani.

Dereva alisema ni kweli. Hilo halikunituliza hata kidogo. Nilijiambia, huyu amejiandaa.

Halafu ukaifanya ile dashibodi. Uliichonga sponji, ukaivalisha kitambaa cha flisi, ukaipaka resini ikaganda, ukaweka matabaka ya faiba, ukaipiga msasa wiki nzima mpaka nyusi zako zikawa nyeupe kama za bibi kizee. Rono alipokuja kuiona hakuishika juu kama watu wote. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini yake, kule nyuma kusikoonekana, akapapasa taratibu. Aliposimama akasema, "Hata huku mmepiga msasa. Nani amefanya hii?" Baba yako, na mdomo wake usiokuwa na mlango, akasema, "Ni huyu msichana wangu." Ndipo Rono akasema ana karakana Nanyuki ya kufufua magari ya zamani na anatafuta fundi wa faiba wa kukaa huko.

Kila mtu alifurahi. Mimi nilikuwa najiuliza, mtu anayepapasa chini ya vitu vya watu anatafuta nini?

Watu wa hapa kwenye yadi wananiita Kamera. Unadhani sijui? Najua, na najua ni nani alianzisha, ni yule fundi wa viti, na anajua kwamba najua. Lakini hebu nikueleze kwa nini kwa miaka mingi nilidhani hii shaka ni kipaji nilichopewa na Mungu.

Nilikuwa na meza Soko la Toi, nauza flisi, yale majaketi laini ya baridi na blanketi za watoto. Siku moja akaja kijana mrefu. Haangalii zipu, haulizi saizi. Anashika blanketi kwa mikono miwili, analivuta, analiinua kwenye jua, analivuta tena kwa upande. Akachagua moja la waridi lenye sungura.

"Una mtoto?" nikamuuliza.

"Sina."

"Sasa blanketi ni la nini?"

"La mlango."

Mwende, nilijua nimempata mwizi, ingawa sikujua anaiba nini. Nikamwachia jirani meza yangu, nikamfuata kijana kwa miguu kutoka Toi mpaka Kabiro, nikimwacha atangulie kidogo, akigeuka nainama kufunga kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala. Nilimwona akiingia kwenye hii yadi, akaliwamba lile blanketi juu ya fremu ya mbao iliyofungwa kwenye mlango wa matatu, akalikaza pembeni kwa pini mpaka likanyooka, akaanza kulipaka resini kwa brashi. Nilisimama nyuma ya ukuta nikingoja uovu wake ujitokeze. Blanketi likawa gumu. Wale sungura wakabaki wanaonekana ndani, wameganda. Sikuweza kujizuia, nikatoka nikaligonga kwa kidole likalia ko.

Baba yako akageuka akaniona. Hakuuliza nimemfuata kwa nini. Akasema, "Aa, ni wewe. Hili blanketi lako ni zuri sana, linavutika pande zote." Mtu amefuatwa na mgeni kutoka Toi, na anamshukuru! Tangu siku hiyo nimekuwa nikimchunga asiibiwe, na yeye amekuwa akinicheka. Kwa hivyo nilikuwa na sababu ya kuipenda shaka yangu. Ilinipa mume na kazi, na baadaye ikanipa wewe.

Sasa ya rola. Hii unaijua, ulikuwepo, lakini hatujawahi kuizungumza mimi na wewe.

Akinyi alikuwa anatoka Kibera kila asubuhi kuja kupiga msasa nasi, anaimba tangu anapoingia getini. Nilimpenda. Nataka uamini hilo. Halafu ile rola yetu ikapotea, ile ndogo ya bati yenye mifereji tunayosukumia mapovu ya hewa yatoke kwenye faiba. Tulikuwa na moja tu nzuri. Niliitafuta kila mahali isipokuwa mahali nilipokuwa nimefanya kazi mimi mwenyewe. Na kwa sababu Akinyi ndiye aliyekuwa mgeni, nikachukua mkoba wake nikaumwaga sakafuni mbele ya watu wote. Vikaanguka kitana, Biblia ndogo, na mkate uliofungwa kwenye karatasi. Wewe uliinama ukaokota kimojakimoja, ukapangusa vumbi, ukarudisha ndani. Hukunitazama. Akinyi akasema tu, "Mama Mwende, na vile nimekula kwako." Akaenda, na hakurudi tena kufanya kazi hapa.

Miezi ikapita. Mwenye matatu mmoja tuliyemtengenezea mlango wakati ule akaja analalamika kwamba mlango huo unalia njiani, ko-ko-ko, abiria wanadhani gari linavunjika. Baba yako akaukata kwa grenda, na rola ikaanguka chini ya miguu yetu. Ilikuwa imeshikwa na tone la resini humo ndani, mpaka barabara ikaitikisa ikabanduka. Na flisi ya mlango ule ni mimi niliyeiwamba. Nilifunga rola ndani kwa mikono yangu, nikaipaka resini juu, nikapiga msasa, nikarudi nyuma hatua kadhaa nikaisifu kazi yangu. Hakuna fundi mwingine katika yadi hii aliyewahi kuzika chombo chake mwenyewe halafu akamshika mtoto wa watu.

Nilienda Kisumu Ndogo na ile rola mkononi. Mama Akinyi alikuwa anapima omena kwenye gorogoro, watu wamejaa. Nikaeleza yote mbele yao, maana na mimi nilimwaibisha mtoto wake mbele ya watu. Akaitazama rola.

"Hizo mko nazo ngapi?" akauliza.

"Moja."

"Mimi pia Akinyi niko naye mmoja," akasema, na akaendelea kupima.

Nilinunua omena kwa sababu sikujua jinsi ya kuondoka. Akinyi mwenyewe hunisalimia siku hizi, lakini kwa kichwa tu. Ukirudi leo jioni ukiwa umebeba kitu kutoka kwa mama yake, nitakifungua nikague, siwezi kukudanganya kwamba nimepona kabisa.

Lakini lililoniumiza zaidi ya rola ni kifua cha baba yako, na hili nimelikwepa sana kwako.

Ulikuwa bado mdogo, unacheza na vumbi letu jeupe ukidhani ni unga wa ugali. Mimi na baba yako tulikuwa tunajifunga leso usoni wakati wa kupiga msasa, kama mafundi wote. Siku moja akapita mtu hapa yadini anauza maski za mpira, zile zinazobana uso, zenye makopo mawili ya chujio mashavuni. Baba yako akaichukua moja, akaigeuzageuza, macho yanamng'aa. Mimi nikamnyang'anya. Nikasema hii ni feki, huu ni mpira wa ndala umekatwakatwa, watu wanatuona sisi ni wajinga. Yule mtu akajaribu kueleza. Nikampigia kelele mpaka mafundi wengine wakakusanyika, na hakuna hata mmoja aliyenunua. Akakunja mfuko wake akaenda. Baba yako akacheka, akajifunga leso yake, akaendelea na kazi miaka na miaka.

Tulipoanza kwenda kliniki ya kifua, muuguzi mmoja alinionyesha maski kama ile. Akasema ni rahisi kujua kama ni nzuri. Unaivaa, unafunika makopo yote mawili kwa viganja, unavuta pumzi. Ikikubana uso na usipate hewa, inashika. Hewa ikipenya pembeni, mrudishie mwenyewe. Basi, hivyo tu. Nilikaa kwenye benchi la kliniki nikalia, baba yako akadhani nimeambiwa anakufa.

Ningeweza kuijaribu palepale yadini, Mwende. Pumzi moja. Labda ilikuwa feki kweli, sijui, na sitajua maisha yangu yote. Shaka haikuwa kosa. Kosa ni kwamba niliona shaka imetosha, sikuona haja ya kujaribu kitu. Nilipiga kelele nikadhani nimeilinda familia yangu. Kila usiku nikimsikia baba yako anakohoa nasikia sauti yangu ikimfukuza yule mtu.

Kwa hivyo usifikiri nakuandikia uache kushuku watu. Washuku. Wewe una moyo wa baba yako na hilo linanitisha. Ukinunua hadena ya kugandisha resini dukani, changanya kidogo kwenye kifuniko cha soda uone kama inashika, ndipo umwage kwenye kazi ya mtu. Na watu ni hivyohivyo. Wape kidogo utazame.

Jumapili ile ulinijibu vibaya, na ulikuwa na haki. Nilisema Rono ana njama, nikasema mbona asichukue mafundi wa hukohuko, nikasema wasichana wanapotea. Ukaweka msasa chini, ukaniambia, "Mathe, wewe huogopi watu wabaya. Wewe unaogopa tu watu. Mimi nitaenda, ukinibariki poa, usiponibariki pia nitaenda." Baba yako akasema, "Mwende, usimwongeleshe mamako hivyo." Lakini hakusema umekosea.

Sasa keti kama umesimama. Unakumbuka juzi nilisema naenda Kitui kumwona nyanya yako? Sikwenda Kitui.

Nilijaza gunia la flisi, nikapanda gari la Nanyuki. Nilijiambia nitaingia kwa huyo Rono kama muuza mitumba, anionyeshe uso wake wa kweli bila kujua mimi ni nani. Baridi ya huko, mwanangu! Nilivaa bidhaa yangu mwenyewe, majaketi mawili. Askari wa geti akaniuliza nauza nini, nikamwambia blanketi, akaniruhusu. Nikaandika kichwani: geti halina ulinzi.

Ndani kulikuwa na mama mmoja fundi anaitwa Nkatha, mtu wa Meru, mikono imejaa fila ya kuzibia mashimo. Hakuangalia rangi wala zipu. Alishika flisi kwa mikono miwili, akaivuta, akaiinua kwenye mwanga, akaivuta kwa upande. Nikapunguza bei bila kuombwa, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu Toi.

Ile pikapu ilikuwa pale katikati, imepakwa rangi nyekundu nzito, dashibodi yako iko ndani. Nikainama nikaipapasa kule chini. Ni yako, hajaibadilisha. Halafu nikaona ukutani misumari imepangwa, na kwenye kila msumari imeangikwa maski ya mpira yenye makopo mawili, na juu ya kila msumari jina la mtu kwa kalamu nzito. Ya mwisho ilikuwa mpya, bado iko kwenye nailoni. Juu yake pameandikwa MWENDE.

Damu ilinipanda. Jina la mtoto wangu limeingiaje ukutani kwa watu kabla mtoto hajafika?

"Huyu Mwende ni nani?" nikamuuliza Nkatha, kama mtu asiyejali.

"Ni fundi wa Nairobi. Bosi anasema huenda akakuja."

"Na asipokuja?"

"Tutalifuta hilo jina," akasema. "Lakini akikuja hawezi kaa hata siku moja bila maski. Hapa haturuhusu."

Nilikuwa bado namtazama Nkatha kuona kama anadanganya niliposikia mtu nyuma yangu akisema, "Mama Mwende, karibu chai." Rono. Amesimama na kikombe mkononi, hashangai hata kidogo. Akasema, "Nilijua utakuja. Nilikuwa nashangaa mbona unachelewa." Nikatamani gunia linimeze. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeshajulikana, nikaona nimalize kazi. Nikamwambia sitaki chai, nataka kuona atakapolala mtoto.

Utalala chumba kimoja na Nkatha, nyumba ya pili kutoka getini. Dirisha lina vyuma. Mlango una komeo kwa ndani, nikalitikisa likacheza. Nikamwambia Rono, "Hii ni nini?" Akaniletea bisibisi. Nikalikaza mwenyewe huku yeye ameshika taa ya simu, na nikatikisa tena mpaka nikaridhika. Nkatha alikuwa anacheka pembeni, nikamwacha acheke.

Sijui kama Rono amekwambia haya yote. Nilimwomba asikwambie, na kama kweli hakukwambia, basi ana alama moja kwangu. Nijulishe.

Nilipokuwa naondoka nilirudi ukutani. Sikuomba ruhusa. Niliichana ile nailoni, nikaivaa maski yako, nikakaza mikanda nyuma ya kichwa. Rono na Nkatha wakasimama wakanitazama. Nilitaka iwe mbovu, Mwende. Nakuambia ukweli wangu wote. Nilitaka hewa ipenye mahali, hata kidogo, nirudi Kabiro na kitu cha kukuonyesha, ubaki nyumbani na mimi na baba yako na kikohozi chake. Nilifunika makopo yote mawili kwa viganja. Nikavuta.

Ikanibana uso mpaka machozi yakatoka. Nikajaribu tena kwa nguvu zaidi. Hakukuingia hewa yoyote.

"Imeshika?" Rono akauliza.

Nikaivua. Nikatikisa kichwa kukubali, nikairudisha kwenye msumari wake, chini ya jina lako.

Nimekubariki, mwanangu. Ningekuambia kwa mdomo kesho asubuhi, lakini nitakuwa pale kituoni namkagua dereva. Nenda ukafanye kazi yako, na chini ya dashibodi endelea kupiga msasa.

Na ile maski, usikubali kwa sababu mimi nimesema inashika. Mimi ni nani? Kabla hujaivaa kwa kazi, funika kwa viganja vyako mwenyewe, uvute. Kila asubuhi. Halafu unipigie uniambie.

Nakusikia getini unacheka na baba yako. Naificha sasa.

Mama yako,
Kamera